Kiungo ni Udhamini

Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza namna ya kupanga kurasa za intaneti kwa kutazama nani anamtaja nani. Kiungo walikihesabu kama udhamini, na mdhamini naye hupimwa: ukurasa unaotajwa na wengi una sauti kubwa, ila sauti hiyo hugawanywa kwa viungo vyote unavyotoa. Wenye viungo viwili hukipa kila kimoja nusu. Wenye mia, sehemu moja ya mia tu. Ndiyo maana naamini kiungo kimoja cha gazeti linaloheshimika kinashinda rundo la viungo vya kuokoteza.

Wapo wanaosema udhamini hununuliwa. Ni kweli. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilifichua maelfu ya viungo vilivyoipandisha tovuti ya JCPenney, duka la Marekani, katika matokeo ya utafutaji: kurasa zinazohusu kukoroma au madaktari wa meno zilielekeza watu kwenye magauni! Kampuni ilikana kuhusika, lakini Google, kampuni iliyoanzishwa na Page na Brin, iliishusha, na Aprili 2012 ikaleta Penguin, mfumo wa kudhibiti hila hizo. Siku hizi viungo ni kigezo kimoja kati ya vingi, na maudhui yasiyomjibu msomaji hayaokolewi navyo.