Kitabu cha Kielektroniki: Unalipia Nini, na Fedha Yako Inamfikia Nani?

Mlaji anayepita kando ya Soko Kuu la Arusha huona vitabu vilivyopangwa chini juu ya turubai: riwaya, kamusi, vitabu vya dini na vya shule. Hukishika anachokitaka, hukifungua katikati, hutazama kama kurasa zimekatika, huomba apunguziwe, kisha hulipa. Tangu hapo kitabu ni mali yake. Anaweza kumwazima jirani wa Sakina, kumpelekea mtoto anayesoma Tengeru, au kukiuza tena akikichoka.

Siku hizi kitabu kilekile humfikia kwa njia nyingine. Tangazo huingia katika kundi la WhatsApp: riwaya kumi kwa shilingi elfu mbili, tuma fedha kwa namba hii, utatumiwa papo hapo. Pengine hukiona katika duka la mtandaoni kwa bei inayokaribia ile ya kitabu cha karatasi, naye hujiuliza: karatasi hakuna, wino hakuna, gari la kukileta kutoka Dar es Salaam hakuna, mbona bei ni kubwa hivi?

Swali hilo ni la haki, na mlaji anastahili jibu lililo wazi. Katika makala hii tunaeleza jinsi bei ya kitabu cha kielektroniki inavyogawanywa, kile ambacho mlaji hukinunua hasa, na namna ya kuitambua nakala isiyo halali kabla ya kulipa.

Gharama isiyoonekana

Karatasi na uchapaji ni sehemu tu ya gharama ya kitabu. Kabla kitabu hakijafika kiwandani, mwandishi amekwisha kutumia miezi au miaka akikiandika. Mhariri amekisoma na kukisahihisha. Msanifu amepanga kurasa. Mchoraji ametengeneza jalada. Gharama hizo hazipungui kwa kuwa kitabu kitasomwa katika simu. Tena hazibadiliki kwa idadi ya wasomaji: mhariri hulipwa yaleyale, kitabu kikiuzwa nakala mia mbili au elfu ishirini. Ndiyo maana kitabu cha Kiswahili, ambacho mara nyingi huuzwa kwa nakala chache kuliko cha Kiingereza, hubeba mzigo mkubwa zaidi katika kila nakala.

Fedha anayolipwa mwandishi kwa kila nakala inayouzwa huitwa mrabaha. Kwa kitabu cha karatasi, mikataba mingi ya uchapishaji hutumia kiwango cha asilimia 10 au kinachokaribia hapo. Kwa kitabu cha kielektroniki, wachapishaji wakubwa wa nchi za nje wamezoea asilimia 25, lakini asilimia hiyo hukokotolewa kutokana na fedha inayomfikia mchapishaji baada ya duka la mtandaoni kukata sehemu yake.

Kielelezo cha mgawanyo

Tarakimu zifuatazo ni za kielelezo tu. Hazihusu kitabu wala kampuni yoyote, na kodi hatukuiingiza.

Kitabu cha karatasi kinachouzwa shilingi 20,000:
- duka la vitabu (asilimia 35): shilingi 7,000
- uchapaji na usafirishaji: shilingi 6,000
- mrabaha wa mwandishi (asilimia 10): shilingi 2,000
- mchapishaji: shilingi 5,000

Kitabu hichohicho kwa njia ya kielektroniki, shilingi 10,000:
- duka la mtandaoni (asilimia 30): shilingi 3,000
- mrabaha wa mwandishi (asilimia 25 ya shilingi 7,000 zilizobaki): shilingi 1,750
- mchapishaji: shilingi 5,250

Mlaji amepunguziwe nusu ya bei, na bado mwandishi na mchapishaji wamepata karibu kile walichokipata kwanza. Kilichoondoka ni kiwanda, gari na sehemu ya faida ya duka. Hii ndiyo faida ya kweli ya kitabu cha kielektroniki, na mlaji ana haki ya kuitarajia. Bei ya kielektroniki ikilingana na ya karatasi, si kosa kumuuliza mchapishaji sababu yake.

Hata hivyo, punguzo lina kikomo. Bei ikishuka hadi shilingi 2,000, kwa mgawanyo uleule mwandishi hupata shilingi 350. Itambidi apate wasomaji watano ili afikie kile alichokipata kwa msomaji mmoja. Bei ya chini humfaa ikiwa tu inaleta wasomaji wengi zaidi. Isipowaleta, humwondoa mwandishi katika kazi yake.

Kuhusu kodi, mlaji afahamu kwamba kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani Tanzania Bara ni asilimia 18, na kwamba tangu Julai 2022 sheria imewataka pia wauzaji wa huduma za kielektroniki walioko nje ya nchi wajisajili na kulipa kodi hiyo. Bei inayoonekana kwanza katika duka la nje huenda isiwe ile itakayokatwa mwishoni. Tazama jumla kabla ya kuthibitisha malipo.

Mwandishi anayejichapishia

Waandishi wengine huviweka vitabu vyao wenyewe katika maduka makubwa ya nje. Katika huduma ya Amazon ya kujichapishia, kuna viwango viwili vya mrabaha: asilimia 70 na asilimia 35. Kile cha 70 huhitaji bei iwe kati ya dola 2.99 na 9.99, na hutolewa kwa mauzo ya wasomaji walio katika nchi zilizoorodheshwa tu. Nje ya masharti hayo mwandishi hupata asilimia 35. Ndiyo maana vitabu vingi katika duka hilo huuzwa dola 2.99: ni mlango wa kuingia katika kiwango cha juu.

Kwa mwandishi anayeishi Arusha au Usa River, hesabu haiishii hapo. Marekani hukata asilimia 30 ya mrabaha unaopatikana nchini humo na kwenda kwa mtu wa nje, isipokuwa pale ambapo kuna mkataba wa kodi kati ya nchi mbili, na Tanzania haina mkataba huo na Marekani. Kitabu cha dola 2.99 kilicholipiwa kwa kiwango cha asilimia 35 humpa takriban dola 1.05, makato hayo yakiingia, hubaki kama senti 73. Mlaji anayetaka kumsaidia mwandishi wa karibu naye afadhali aulize kwanza kama mwandishi huyo anauza mwenyewe kwa njia halali, au kupitia mchapishaji wa hapa nchini.

Nani hupanga bei?

Zipo njia mbili. Katika ya kwanza, duka hununua kwa bei ya jumla, kisha hujipangia bei ya rejareja. Katika ya pili, mchapishaji hupanga bei, nalo duka huchukua kamisheni. Kila njia ina faida na hasara zake. Kinachomuumiza mlaji ni wafanyabiashara kukubaliana kwa siri ili bei ipande. Nchini Marekani, mwaka 2013, mahakama iliona kwamba Apple ilishirikiana na wachapishaji wakubwa kupandisha bei za vitabu vya kielektroniki. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza makubaliano ya kupanga bei, na inakataza pia mwenendo wa kumpotosha mlaji.

Umenunua kitabu au ruhusa?

Aliyenunua kitabu juu ya turubai ni mmiliki wa nakala ile. Aliyebonyeza neno "nunua" katika duka la mtandaoni, mara nyingi amepewa leseni tu, yaani ruhusa ya kusoma kwa masharti. Huenda asiweze kumwazima mwenzake, kukiuza, wala kukihamishia katika programu nyingine.

Jambo hili limekwisha kuwakuta walaji. Mwezi Julai 2009, Amazon ilifuta katika vifaa vya wateja nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa fedha, lakini vitabu vilitoweka. Mwaka 2019, Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Vitabu vilivyonunuliwa humo havikufunguka tena, na wanunuzi walirudishiwa fedha. Wanunuzi wale walilindwa kwa kuwa muuzaji alijulikana na kumbukumbu za malipo zilikuwepo. Aliyelipa kwa namba ya simu isiyo na jina la duka hana wa kumdai.

Nakala za bei ya kutupa

Turudi kwenye riwaya kumi kwa shilingi elfu mbili. Katika mauzo hayo mwandishi hapati hata senti moja, wala mhariri, wala mchapishaji. Fedha yote humwendea mtu aliyepiga picha kurasa au kunakili faili. Mlaji naye hupata hasara yake: kurasa zilizorukwa, maandishi yasiyosomeka katika kioo kidogo cha simu, toleo la zamani la kitabu cha masomo, na pengine faili lenye virusi.

Wapo wanaojitetea kwamba kitabu hakipatikani tena dukani. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa, nasi katika eneo la Mlima Meru tunao mfano wake. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kulifikisha shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Kisa hicho yeye na mwanasheria Earle Seaton walikiandika katika kitabu The Meru Land Case, kilichochapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967. Kampuni hiyo haipo tena. Je, mtu wa Meru anayetaka kusoma habari za wazee wake ana kosa gani akinunua nakala iliyopigwa picha?

Kiu yake ni halali. Biashara ya aliyemuuzia ndiyo isiyo halali. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki kwake. Kitabu chenye waandishi wawili huhesabiwa tangu kufariki kwa yule aliyeishi zaidi. Kufungwa kwa kampuni ya uchapishaji hakuifuti haki hiyo. Hubaki kwa waandishi na warithi wao. Njia iliyo bora ni kukiulizia maktaba, au kuwasiliana na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ili mwenye haki atafutwe na kitabu kiweze kutolewa upya. Kila nakala haramu inayouzwa humpunguzia mchapishaji sababu ya kukirudisha sokoni.

Kabla ya kulipa

1. Tafuta jina la mchapishaji, mwaka wa toleo na namba ya ISBN. Kitabu kisicho na hata kimoja kati ya hivyo ni cha kutiliwa shaka, ingawa si kila mwandishi anayejichapishia ana ISBN.
2. Uliza kama muuzaji ana idhini ya mwandishi au mchapishaji. Mwenye idhini hakasiriki kuulizwa. Ukiweza, mpigie mchapishaji mwenyewe.
3. Soma kurasa za mwanzo bila malipo, kama duka linaruhusu, na uhakikishe zinasomeka katika simu yako.
4. Fahamu unachopewa: faili la kuhifadhi, au ruhusa ya kusoma ndani ya programu? Ukibadilisha simu, utakipata tena?
5. Jumlisha bei, kodi na makato ya kutuma fedha kwa simu. Kwa kitabu cha bei ndogo, makato yanaweza kuwa sehemu kubwa ya gharama.
6. Dai risiti, na uhifadhi ujumbe wa muamala pamoja na tangazo lenyewe.

Asiyekuwa na uwezo wa kununua hajafungiwa mlango. Maktaba ya Mkoa wa Arusha ipo kwa ajili ya wote, na vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania husomwa bila malipo katika maktaba mtandao ya taasisi hiyo. Mzazi asikubali kuuziwa na mtu wa kati kile ambacho mtoto wake amekwisha kupewa bure.

Ukidhulumiwa

Ukilipa na usitumiwe kitabu, au ukitumiwa kisicho kile ulichotangaziwa, anza kwa kumwandikia muuzaji ukieleza unachodai: kitabu sahihi au fedha yako. Asipojibu, peleka malalamiko na ushahidi wako Tume ya Ushindani. Ukiona kazi ya mtu inauzwa bila idhini, toa taarifa COSOTA. Ikiwa ni utapeli wa dhahiri, toa taarifa polisi na kwa kampuni ya simu iliyopokea fedha, mapema iwezekanavyo.

Hatumtaki mlaji akubali kila bei anayotajiwa. Mlaji ahoji, alinganishe, aombe punguzo kama afanyavyo sokoni. Tunachomwomba ni kwamba bei anayokubali hatimaye imfikie aliyeifanya kazi. Mwandishi wa Kiswahili aliyelipwa kwa kitabu chake cha kwanza ndiye atakayeweza kuandika cha pili, na msomaji wa Arusha atakuwa na kipya cha kusoma.