Nambari Iliyomwangusha Bingwa

Najua wengine wenu mkiona hesabu katika jarida la Kiswahili mtafunua ukurasa wa pili mbio mbio. Ngojeni kidogo. Huku madarasani ubishi haujaisha: ati ukiijaribu kanuni mara nne tano na ikubali, basi ni kweli. Mimi nasema hapana, na shahidi wangu ni 4294967297.

Nambari tasa, mnajua, ni ile isiyogawanyika kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama vile 7 au 13. (Jina hilo nalipenda sana. Tasa si yule asiyezaa?)

Haya, chukua 3. Toa 1, jibu ulizidishe kwa lenyewe, kisha ongeza 1. Umepata 5. Ifanyie 5 vivyo hivyo, utapata 17. Endelea: 257, halafu 65537. Zote tano ni tasa! Ndipo Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyezichambua nambari kama mchezo, akaandika mwaka wa 1640 kwamba anaamini msururu huu utatoa tasa daima. Uthibitisho hakuwa nao, na hakuficha.

Inayofuata sasa ndiyo hiyo shahidi wangu. Kuipima si mchezo, jamani. Ukisema uigawe kwa kila nambari tasa mpaka ufike 65536, utagawa mara 6542. Gawa mara ishirini kila siku, na mwaka utakaribia kwisha ukiwa bado unagawa. Ilikuwa mpaka 1732 ndipo Leonhard Euler, kijana Mswisi wa miaka 25 aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi, akatangaza kwamba inagawanyika kwa 641 bila baki.

Tena kuna njia ya mkato, ambayo Euler huyohuyo aliithibitisha baadaye. Nambari tasa yoyote inayoigawa hii yetu, ukiitoa 1, kinachosalia lazima kigawanyike kwa 64. Kwa hivyo 65 na 129 zinafaa kwa hilo, lakini si tasa, ziruke. Za kujaribu ni 193, 257, 449 na 577, nazo zote zinakataa. Inayofuata ni 641. Mara tano tu badala ya 6542! Msiniamini bure; shikeni kalamu mzidishe 641 kwa 6700417. Tumieni karatasi, maana kalkuleta ya tarakimu nane jibu halitaenea.

Na huo msururu je? Kuanzia nambari ya sita hadi ya thelathini na tatu, zote zimeshathibitishwa kuwa si tasa. Ya thelathini na nne haijulikani. Kioja ni ile ya ishirini na moja na ya ishirini na tano: imethibitishwa kwamba zina watoto, ila hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja.