Picha ya Ubongo na Dawa ya Lithiamu

Leo twaeleza ugonjwa wa bipola. Mgonjwa huchangamka kupita kiasi kwa siku nyingi, halali wala hachoki. Kisha huzama katika huzuni nzito. Mara nyingi huanza ujanani. Si pepo, wala si utovu wa adabu.

Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia aliandika kwamba chumvi ya lithiamu iliwatuliza wagonjwa 10 waliochangamka hivyo. Dawa hiyo yatumika hata leo.

Siku hizi iko mashine ya sumaku ipigayo picha ya ubongo bila kupasua kichwa. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo, umbo lake kama lozi, iitwayo amigdala, inayohusika na hofu. Kwa vijana wenye bipola, kwa wastani imeonekana ndogo kuliko ya wenzao wazima. Lakini uchunguzi mwingine umeonyesha kuwa kwa waliotumia lithiamu tofauti hiyo hupungua. Basi wataalamu hujiuliza: tunaloliona ni la ugonjwa, au la dawa? Tena, wastani si mtu mmoja; picha peke yake haimtambulishi mgonjwa.

Wazazi, kijana akipata nafuu asiache vidonge bila shauri la daktari. Ugonjwa waweza kurudi kwa nguvu. Damu yake ipimwe mara kwa mara, maana lithiamu ikizidi ni sumu. Akiharisha au kutapika, apelekwe hospitali upesi.

Swali la kikundi: Kwa nini aliyepata nafuu aendelee kupimwa damu?