KUITAZAMA MIAMBA YA UNGUJA NA PEMBA

Aliye na daftari na alifungue. Na wewe uliyelipata somo hili katika karatasi, lisome polepole, kisha msomee na jirani yako.

Leo twazungumza juu ya jambo ambalo wageni husafiri maelfu ya maili kuja kulifanya, na wengi wetu tuliozaliwa kando ya bahari hatujalifanya hata mara moja: kuzamisha uso majini na kutazama yaliyomo. Kazi hii haihitaji mtungi wa hewa wala kwenda chini sana. Mtu huelea kifudifudi, amevaa miwani ya mbizi, na mdomoni ameuma mrija wa kupumulia. Nitawaelezeni vyombo, mahali, wakati, na adabu yake.

VYOMBO

Jicho la mwanadamu limeumbwa kuona katika hewa. Ukilifungua ndani ya maji, kila kitu huwa kama kimefunikwa na ukungu. Miwani ya mbizi huweka hewa kidogo mbele ya jicho, ndipo uone sawasawa. Chagua ile inayofunika pua pia. Ijaribu hivi: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikikaa bila kuanguka, inakufaa. Kabla ya kuingia majini temea mate kidogo kwenye kioo, usugue, usuuze, hakitaingia mvuke.

Mrija usiurefushe. Watu wengine hudhani kwamba mrija mrefu utawawezesha kwenda chini zaidi. Sivyo. Uzito wa maji hukibana kifua kisiweze kutanuka, na hewa uliyokwisha kuitoa hubaki ndani ya mrija ukaivuta tena. Mrija wa kawaida, urefu wa mkono kutoka kiwiko hata vidoleni, watosha.

Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea maisha, na mtu yeyote asiende peke yake.

JIWE LILILO HAI

Sasa tujue tunachokwenda kukitazama. Matumbawe tumezoea kuyaona katika kuta za nyumba na katika tanuri za chokaa, kwa hiyo twayaita mawe. Lakini tumbawe lililo baharini limefunikwa na vijinyama vidogo sana, maelfu kwa maelfu, kila kimoja na mdomo wake na mikono yake midogo. Vijinyama hivi ndivyo vinavyojenga lile jiwe chini yao. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao hutumia nuru ya jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Ndiyo sababu matumbawe hupenda maji mafupi, maangavu, yenye jua.

Ujenzi huu ni wa taratibu mno. Tumbawe la mviringo huongezeka kwa sentimita moja hivi kwa mwaka. Likiwa na upana wa meza ya kulia, jua kwamba lilianza kabla babu yako hajazaliwa. Kisigino cha mtu au nanga ya mashua huliharibu kwa dakika moja.

Mimi mwenyewe nilifunzwa jambo hili kwa aibu. Siku yangu ya kwanza nilichoka, nikasimama juu ya mwamba nipumzike. Mzee aliyetupeleka kwa mashua yake aliniita kwa upole: "Mwalimu, shuka hapo. Umesimama juu ya riziki yangu." Nilikuwa na diploma mfukoni, wala sikuwa nimelijua hilo. Samaki wa mwambani, kama chewa, pono, tasi na kangaja, na pweza pia, hupata maficho na malisho kwenye mwamba. Mwamba ukifa, mvuvi hurudi na dema tupu.

MAHALI PA KWENDA

Anayeanza na aanze karibu na mji. Visiwa vya Changuu na Bawe vyaonekana kutoka Forodhani, na mashua haichukui muda mrefu kufika. Maji yake si maangavu sana kama ya mbali, kwa kuwa bandari i karibu, lakini yafaa kwa kujifunza kupumua kwa mrija bila hofu.

Kusini mwa mji kuna kisiwa cha Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwamba wa upande wake wa magharibi ulitengwa kwa sheria mwaka 1994. Uvuvi hauruhusiwi hapo. Wavuvi wa vijiji vya karibu walifundishwa kuwa walinzi, na wanafunzi wa shule zetu huletwa kuona na kujifunza. Ukiweza kwenda mahali pamoja tu, nenda Chumbe. Hapo utaona mwamba ulivyo ukiachwa upumzike. Samaki ni wengi, tena wakubwa, na baadhi yao hutoka nje ya mpaka, na huko wavuvi huwapata kwa halali.

Kaskazini mashariki, mkabala wa Matemwe, kipo kisiwa cha Mnemba na mwamba wake mpana. Maji yake ni maangavu sana, na mara nyingine hupita pomboo na kasa. Kisiwa chenyewe kina hoteli, hushuki bila ruhusa. Lakini mwamba hutazamwa kutoka kwenye mashua. Shida ya Mnemba ni wingi wa vyombo. Nenda mapema asubuhi, na mwombe nahodha afunge kamba kwenye boya badala ya kutupa nanga.

Kusini magharibi iko Ghuba ya Menai, iliyowekwa chini ya hifadhi mwaka 1997. Mashua huondoka Fumba kwenda kwenye visiwa vidogo na mafungu ya mchanga.

Na ndugu zetu wa Pemba wasione tumewasahau. Magharibi ya Chake Chake kipo kisiwa cha Misali, ambacho wenyeji husimulia kwamba jina lake latokana na msala wa kusalia. Mwamba wake huanza karibu sana na ufuko, kisha hushuka ghafula kwenye kilindi. Tazama ukiwa ukingoni, usiende mbali.

WAKATI WA KWENDA

Wavuvi watalijua hili kuliko mimi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvu: hujaa sana na kutoka sana, na tofauti yake hapa kwetu yaweza kufika mita 4. Maji mengi hivyo yakipita kwenye mlango mwembamba wa mwamba, mkondo huwa mkali, nao humchukua hata muogeleaji hodari. Kiasi cha siku saba baadaye huja maji mafu, ambayo mwendo wake ni mdogo. Basi anayejifunza achague siku za maji mafu, aingie saa ambayo maji yamesimama, baada ya kujaa au baada ya kutoka.

Tazama na pepo. Kusi kikivuma, pwani ya mashariki huchafuka. Masika nayo huleta mito yenye matope. Majira mazuri ni yale ya maleleji, pepo zinapobadilishana, bahari ikawa shwari. Hata hivyo wazee walisema, bahari haishi zingo. Mwulize nahodha kila mara, na akisema leo hapana, mkubalie.

ADABU YA MWAMBA

Usisimame juu ya tumbawe wala usilishike. Ukichoka, elea chali au shika boya. Usiokote kombe wala kiti cha pweza. Usiwatupie samaki mkate. Badala ya kujipaka mafuta mengi ya kuzuia jua, vaa fulana yenye mikono mirefu. Mafuta huoshwa yakabaki majini.

Mtu ataniuliza, "Mwalimu, kisigino changu kimoja kina nini, ikiwa bahari yenyewe inapata joto?" Swali hilo ni la haki. Mwaka 1998, na tena mwaka 2016, maji ya bahari yetu yalizidi joto. Matumbawe yakipata joto la kupita kiasi kwa majuma kadhaa huutoa ule mwani uliomo mwilini mwake, yakapauka, yakawa meupe kama chumvi. Joto likipungua upesi, mwani hurudi. Likikawia, matumbawe hufa kwa njaa. Sasa fikiri juu ya mgonjwa wa homa. Aliyelishwa vizuri hupona upesi kuliko aliyekuwa na majeraha tangu mwanzo. Mwamba usiokanyagwa, usiopigwa nanga, wenye pono wa kula mwani unaofunika mawe, una nguvu zaidi ya kujirudisha baada ya homa yake. Kazi hiyo ya kuuguza i mikononi mwetu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mrija mrefu ni hatari?
2. Tumbawe hupataje chakula kutoka kwa mwani?
3. Siku zipi za mwezi zafaa kwa anayejifunza, na kwa nini?
4. Katika kijiji chenu, nani anaujua mwamba kuliko wote? Nenda kamwulize umebadilika namna gani tangu utoto wake, uyaandike majibu yake.

Swali la nne ndilo ninalolipenda zaidi. Mtu huyo asipoulizwa leo, ujuzi wake utaondoka naye. Kwaherini, mabibi na mabwana, mpaka somo lijalo.