Somo la Redio kwa Watu Wazima: Springi za Mlango wa Banda la Motokaa

Fungua daftari lako uandike neno hili: springi. Wengine huiita kamani. Leo tutazungumza habari ya springi za mlango wa banda la motokaa, ule unaopanda juu na kulala chini ya dari. Milango hii ni ya kawaida sana huko Marekani, na utaiona pia katika nyumba nyingine za Nairobi na Dar es Salaam.

Mlango kama huo waweza kuwa na uzito wa kilo 60 au zaidi, lakini mtu mmoja huuinua bila taabu. Kwa nini? Kwa sababu springi ndizo zinazobeba uzito. Fikiri manati. Ukivuta mpira, nguvu za mkono wako huingia katika mpira na kungoja humo mpaka uuachie. Springi nazo ni vivyo hivyo. Mlango unaposhuka huzivuta, na ukifungwa kabisa zimevutika mno. Basi angalia: mlango uliofungwa, uliotulia kimya, ndio wenye hatari. Ukiifungua ndoano ya springi wakati huo, itaruka ikuvunje mkono au ikutoboe jicho.

Ziko namna mbili. Namna ya kwanza ni springi ndefu za pembeni, kila upande na yake, juu ya reli. Ya pili ni springi nene iliyovishwa chuma kirefu juu ya mlango. Hii haivutwi, husokotwa. Hii ya pili usiiguse. Hata mlango ukiwa wazi hubaki imesokotwa kiasi, na kuikaza hutaka fimbo mbili za chuma zinazoenea barabara katika matundu yake. Wako wanaojaribu kwa bisibisi, nayo huchomoka. Mwite fundi, umlipe.

Hizi za pembeni mtu mwangalifu aweza kuzibadili. Springi za kawaida hutengenezwa zistahimili kufungua na kufunga mara 10,000. Piga hesabu: ukifungua mara 4 kwa siku, zitadumu kadiri ya miaka 7. Kwa hiyo moja ikikatika, badili zote mbili, maana umri wao ni mmoja. Nunua zenye nguvu ile ile. Rangi iliyopakwa nchani huionyesha.

Vaa miwani ya kukinga macho. Kama mlango una mota, uutenge nayo ukiwa umefungwa, na uchomoe umeme. Kisha uinueni watu wawili au watatu, kwa kuwa springi iliyokatika haisaidii tena. Msishike penye maungio ya mbao. Vidole hubanwa hapo. Ukifika juu kabisa, kaza jiriwa ndogo katika kila reli, chini ya gurudumu la mwisho, ili mlango usishuke. Weka na ngazi chini yake.

Sasa itikise springi kwa mkono. Ikilegea, nguvu zimekwisha. Tia alama ya chaki mahali kamba ya waya ilipofungwa, ndipo uitoe na kutia mpya. Ndani ya kila springi pitisha waya wa usalama, ufungwe ncha zote mbili: springi ikikatika siku nyingine, vipande havitaruka.

Ondoa jiriwa mkiwa mmeushika mlango. Ushusheni polepole hadi nusu, kisha mlegeze mikono kidogo. Ukikaa papo hapo, kazi ni sawa. Ukishuka wenyewe, urudisheni juu, mkaze jiriwa tena, na kamba za waya zifupishwe kidogo, pande zote sawasawa.