Mficha Uchi Hazai

Yapo maradhi ambayo ndimi zetu huona haya kuyataja, na matatizo ya choo ni miongoni mwayo. Lakini haya hiyo ina gharama, na aghalabu mwenye kuilipa ni yule asiyeweza kujisemea. Leo twapenda kulizungumza jambo hili waziwazi, kwa ajili ya vijana wetu wenye ulemavu.

Tuliwahi kufuatana na jamaa zetu waliovuka bahari kutoka Pemba pamoja na kijana wao wa miaka 15, mwenye utindio wa ubongo, anayetumia kiti cha magurudumu. Walifikia kwa mjomba wake Mbagala, wilayani Temeke. Kwa miezi kadhaa kijana huyo alikuwa akichafua nguo kwa choo cha majimaji, tumbo limejaa na hamu ya chakula imepotea. Nyumbani walidhani anahara, wakampa dawa ya kufunga tumbo. Hali ikazidi. Siku walipoona damu, mama yake hakupata usingizi.

Katika hospitali tuliyofikia, mlango wa choo ulikuwa mwembamba kuliko kiti chake. Daktari alimwuliza mama kila swali. Kijana, ambaye anaelewa kila neno ingawa usemi wake ni mzito, hakuulizwa lolote. Muuguzi mmoja ndiye aliyeinama akamwuliza mwenyewe, akasubiri jibu. Ndipo siri ikafichuka: mchana kutwa alikuwa hanywi maji, ili asimtaabishe mtu kumbeba kwenda chooni.

Alipapaswa tumbo, akapigwa picha ya eksirei, na kinyesi na damu vikapimwa. Ikaonekana kuwa choo kigumu kimeziba utumbo, na majimaji yakipenya pembeni mwake. Damu ilitokana na mchaniko mdogo wa njia ya haja kubwa. Basi ile dawa ya kufunga ilikuwa ikikaza fundo lililokwisha kukaza! Alipewa dawa ya kulainisha choo, akaagizwa maji, papai na mboga za majani, na kuketishwa chooni baada ya mlo, miguu yake ikikanyaga kigoda.

Yafaa ieleweke kwamba kufunga choo ni jambo la kawaida kwa wenye utindio wa ubongo au mgongo wazi. Kukaa bila kujongea, mishipa ya fahamu iliyodhoofika, maji machache na baadhi ya dawa, vyote huchangia. Lakini mazoea yasitulaze. Damu chooni, kukonda, homa, kutapika au tumbo kuvimba ni dalili za kumpeleka mgonjwa kwa daktari bila kungoja, wala dawa zisitolewe kwa kubahatisha.

Kwa viongozi wetu tuna neno. Zanzibar ilipitisha sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Tanzania Bara mwaka 2010. Katikati, mwaka 2009, taifa letu liliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao. Haki hizo hazitimii kwa maandishi peke yake. Hutimia kwa mlango wa choo unaopitisha kiti cha magurudumu, kitanda cha uchunguzi kinachoshuka, na mganga anayemsemesha mgonjwa kabla ya mlezi wake. Yakaguliwe mambo hayo katika hospitali, katika shule na bandarini wanakoshukia wagonjwa wa visiwani.

Nasi wazazi tujisahihishe. Sitara ni amri njema, lakini sitara si kunyamaza. Sitara ni pazia lililofungwa, ni msaidizi ambaye kijana mwenyewe amemridhia, na ni siri ya mgonjwa isiyotembezwa barazani. Kijana aliyehakikishiwa hayo atakunywa maji yake bila hofu, na atasema panapomuuma kabla damu haijasema badala yake.