Skrini Nyeusi: Kufundisha Utafutaji wa Kasoro Wakati wa Kusakinisha Linux

Wanafunzi wanapojifunza kusakinisha mfumo wa Linux, liko tatizo moja linalowavunja moyo upesi: skrini hugeuka nyeusi kabla kazi haijamalizika. Aghalabu mwanafunzi hukata shauri kwamba kompyuta imekufa, na mashine nzima huwekwa kando. Katika makala haya tutaeleza chanzo cha hali hiyo, kisha tutapendekeza namna ya kuitumia kuwa somo la kufikiri.

Chanzo cha tatizo

Picha tunayoiona hutengenezwa na kadi ya michoro. Kadi hiyo huongozwa na kiendeshi, yaani programu inayofikisha amri za mfumo kwa lugha ambayo kadi inaielewa. Katika Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, viendeshi vya kadi za Intel na AMD vimo ndani ya kiini cha mfumo. Kwa kadi za NVIDIA kimo kiendeshi huria kiitwacho Nouveau, kilichoingizwa mwaka 2010. Kampuni yenyewe nayo hutoa kiendeshi chake. Mfumo unapowaka, kiini humkabidhi msimamizi huyo skrini. Makabidhiano yakishindikana, skrini hubaki nyeusi ingawa sehemu nyingine zote zinafanya kazi.

Hatua za somo

1. Mwalimu aanze kwa swali: Ni kitu gani bado kinafanya kazi? Mwanafunzi abonyeze Caps Lock atazame kama taa yake inabadilika, kisha abonyeze Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Akiona maandishi yanayomtaka ajitambulishe, ajue kwamba mfumo u hai.

2. Kompyuta iwashwe upya. Katika orodha ya GRUB abonyeze herufi e, aongeze neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha abonyeze Ctrl na X. Neno hilo humzuia msimamizi kukabidhiwa skrini. Picha ikionekana, hata ikiwa duni, tuhuma inaelekea kwenye kiendeshi wala si kwenye skrini. Badiliko hili hudumu kwa kuwasha mara moja tu. Ni kipimo, si dawa.

3. Amri lspci -k itaje kadi iliyomo na kiendeshi kinachoitumikia. Wanafunzi wakumbushwe kwamba kiendeshi kinaweza kukosekana hapa kwa kuwa sisi wenyewe tumekizuia.

4. Sasa ndipo tiba ichaguliwe. Kadi iliyo mpya kuliko kiini huhitaji toleo jipya la kiini. Kadi ya NVIDIA inayoshindwa na Nouveau yaweza kuhitaji kiendeshi cha kampuni, nacho ni bora kichukuliwe katika hazina ya toleo la Linux linalotumika. Iwapo kinga ya Secure Boot imewashwa, kiini huweza kukataa kiendeshi kisicho na sahihi inayotambuliwa.

Wajibu wa mwalimu

Kosa tunalolifanya mara nyingi ni kumwondoa mwanafunzi kitini na kuandika amri sisi wenyewe. Skrini hupona, lakini mwanafunzi habaki na lolote ila sifa za mwalimu wake. Ni afadhali kila kikundi kiwe na daftari lenye safu nne: dalili, dhana, jaribio na matokeo. Jambo moja tu libadilishwe kwa kila jaribio. Mawili yakibadilishwa pamoja, hatutajua lipi lililoponya. Jaribio lililoshindwa nalo liandikwe, maana limefunga njia moja ya upotevu.

Amri tulizozitaja zitabadilika kadiri miaka inavyopita. Mazoea ya kuuliza, kupima na kuandika hayatachakaa, na mwanafunzi aliyeyapata hatatupa mashine nzima kwa kosa la programu moja.